Pampu Mpya Imekufa Tena: Maneno kwa Vijana wa Haidroliki ya Bekho

Kila kundi jipya la vijana likiingia gereji, wiki mbili haziishi kabla hujamkuta mmoja wao ameinamia tangi la haidroliki la bekho, ile mashine yenye baketi ya kupakia mbele na ya kuchimba nyuma: kifuniko kakilaza juu ya tairi lenye udongo, faneli ni ile iliyomimina dizeli asubuhi, tambara ni lile lile lililopangusa grisi ya pini. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu kwa uchangamfu: "Naongeza oili, fundi." Na kweli anaongeza. Anaongeza oili, mchanga na nyuzi za fulana kuukuu.

Hatugombi kwa sababu sisi ni wasafi tangu kuzaliwa. Tunagomba kwa sababu tunajua deni la kosa hilo linavyodaiwa. Halidaiwi leo. Linadaiwa baada ya saa mia mbili za kazi, likiwa na sura ya pampu mbovu, na wakati huo kila mtu ameshasahau faneli.

Basi haya ni kwa anayejua tayari spuli ni nini (kile chuma kinachoteleza ndani ya valvu kuielekeza oili) na rilifu iko wapi (valvu inayofunguka presha ikizidi). Yamepewa namba ili msije mkasema hamkuambiwa. Uzito wake haulingani.

1. Ua presha kabla ya kufungua nati yoyote. Baketi ya mbele chini, ya nyuma chini, miguu ya kuegemea pembeni iguse ardhi bila kubeba mashine, breki ya mkono, injini zima. Kisha sogeza kila livya (mkono wa kuendeshea) pande zote mara nne au tano, maana presha iliyofungiwa kati ya spuli na silinda haitoki kwa kuzima injini. Kama livya ni za umeme, swichi iachwe imewashwa, la sivyo unachezea plastiki tu. Miguu yenye valvu za kufungia hubaki na presha hata ukisukuma livya hadi jioni. Ndiyo maana tumesema isibebe uzito. Malizia kwa kulegeza kifuniko cha tangi taratibu, kwani matangi mengi hukaa na presha kidogo ndani.

Ukilazimika kuingia chini ya mikono ya loda (ile inayobeba baketi ya mbele) iliyoinuliwa, funga ile strati ya usalama, yaani kizuizi cha chuma, kwenye rodi ya silinda ya kuinulia, ile fimbo inayoingia na kutoka. Gogo si strati. Jeki ya lori si strati. Rafiki aliyeshika livya ndiye kabisa si strati.

Na mkono wako uache mfukoni. Hozi iliyotoboka tundu la sindano hutoa ukungu mwembamba ambao kwenye jua huuoni, na kijana hupitisha kiganja kuutafuta. Presha ya bar 7 hivi inatosha kuipenyeza oili ndani ya ngozi. Bekho nyingi hufanya kazi kati ya bar 200 na 250. Jeraha lenyewe linafanana na alama ya kuumwa na mdudu, mwanzoni haliumi sana, na hapo ndipo watu hurudi kazini. Baada ya saa chache mkono umevimba na nyama ya ndani imeanza kufa. Hilo ni jambo la upasuaji wa haraka, si la dawa ya kupaka, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha. Uvujaji tafuta kwa kipande cha boksi au ubao mrefu.

2. Usisome kipimo cha oili mashine ikiwa imejinyoosha. Silinda ikinyooka inameza oili nyingi kuliko ikiwa imejikunja, kwa sababu rodi ikiwa ndani inachukua nafasi. Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha mm 110, rodi ya mm 60 na mwendo wa mm 900: rodi peke yake inasukuma nje kama lita 2.5. Zidisha kwa silinda zilizopo mbele, nyuma na kwenye miguu. Ukijaza tangi hadi alama ya juu wakati rodi ziko nje, zikirudi ndani oili itatafuta njia kupitia tundu la kupumulia, na kesho utaambiwa "tangi linavuja". Sehemu tambarare, mkao wa safari au ule uliochorwa kwenye kitabu cha mashine, injini imezimwa, ndipo usome.

3. Oili ina lugha yake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, iache itulie ndani ya chupa safi. Povu la hewa litapanda juu na kuondoka. Maji yatabaki yameivuruga. Ukitaka uhakika, dondosha tone kwenye bati la moto linalopita nyuzi 100 kwa mbali: likilia tas-tas kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia maji, yamo maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni oili iliyopikwa, na hapo usibadilishe oili tu ukaondoka, tafuta kilichoipika. Mara nyingi ni rejeta ya kupoza oili iliyozibwa na vumbi na majani, au rilifu inayofunguka muda wote. Kanuni ya kazi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili karibu nusu. Ikipita nyuzi 80 mara kwa mara, na sili nazo zinakauka.

Daraja la oili ni lile lililoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi ISO VG 46 (namba ya unene wa oili) na wakati mwingine VG 68 penye joto kali. Kuna mashine zinazotumia oili ya SAE 10W, na ukichanganya kwa kubahatisha unaharibu zote mbili.

4. Sasa lile kosa lenyewe. Karibu kila fundi mkongwe anayenyamaza ghafla pampu ikitajwa analo moja la namna hii. Linakuwa hivi.

Bekho inaletwa imechoka: inalia, bumu (mkono mkubwa wa nyuma) inapanda kwa kujivuta, baketi ya nyuma haina nguvu ya kung'oa hata kisiki. Pampu inashushwa na kufunguliwa. Meno ya gia yamekwaruzwa, bushi zimelika, na ndani ya bodi ya aluminiamu, upande wa kufyonzea, kuna mfereji. Alama nyepesi upande huo ni ya kawaida, kwa sababu presha husukuma gia kuelekea kwenye kufyonza na pampu ikiwa mpya hujichimbia kidogo. Lakini huu wa sasa ukucha unanasa. Pampu imekufa, hakuna ubishi. Inaletwa mpya, inafungwa, oili iliyomwagika inafidiwa kwa ndoo moja, filta inatazamwa kwa nje na kuambiwa bado nzuri. Jioni mashine inachimba kama siku ya kwanza. Watu wanapongezana.

Siku ya tatu inaanza kulia.

Pampu ya pili inafunguliwa, ina makovu yale yale. Hapo ndipo gereji nzima inatamka kwa sauti moja: pampu feki! Aliyeiuza anatukanwa, inafungwa ya tatu, nayo inakwenda njia ile ile. Hakuna aliyejiuliza ile aluminiamu iliyochimbwa kutoka kwenye mfereji wa pampu ya kwanza ilikwenda wapi. Haikuyeyuka. Ilikwenda pale oili inapokwenda.

Fuata njia yake. Kwenye bekho nyingi zenye pampu ya gia, filta kuu iko kwenye njia ya kurudi. Maana yake vumbi la chuma likitoka kwenye pampu linapita hozi ya presha, linaingia valvu kuu, linaingia silinda, linatoka, linapita rejeta, ndipo likutane na filta. Kabla ya hapo hakuna wa kulizuia. Na filta yenyewe ikijaa, valvu yake ya pembeni inafunguka na oili inaingia tangini bila kuchujwa, kwa sababu aliyeibuni alichagua oili chafu kuliko filta iliyopasuka. Chujio la kufyonzea lililomo tangini lina matundu makubwa. Linazuia boliti na vipande vya tambara, halizuii unga. Unga ndio unaoua. Nafasi kati ya spuli na tundu lake ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, wakati jicho la kawaida halioni kitu kidogo kuliko mikroni 40 hivi. Kwa hiyo oili ukiitazama ukasema "mbona safi" hujasema kitu.

Kisha kuna silinda, ambazo ndizo kaburi lenyewe. Ile ya mm 110 kwa mm 900 tuliyoitaja inabeba kama lita 8.5 upande wa nyuma ya pistoni. Opereta akifanya kazi ya mwendo mfupi, nusu ya oili hiyo haitoki kamwe. Inakwenda na kurudi humo humo na chuma chake. Miguu ni mibaya zaidi: inatumika mara chache, takataka zinalala chini ya pistoni, na siku ikikunjwa kikamilifu zinatoka zote kwa pamoja. Ndiyo maana pampu mpya inaweza kwenda siku tatu vizuri, kisha ikafa asubuhi moja bila sababu inayoonekana.

Kwa hiyo pampu ikifa kwa kulika, kazi ya kubadilisha pampu ni sehemu ndogo kabisa ya kazi. Inayobaki ni hii.

Kata filta ya zamani kwa msumeno wa bati au kikatio cha filta, tandaza mikunjo yake juu ya karatasi nyeupe na uisome. Sumaku itaokota chuma cha gia. Aluminiamu ya bodi na bronzi ya bushi haitaziokota, kwa hiyo sumaku ikitoka safi usishangilie; geuza karatasi kwenye mwanga uone vinavyometa. Vipande vyeusi vinavyonyumbuka ni sili za silinda au utando wa ndani wa hozi.

Mwaga tangi oili ikiwa vuguvugu, fungua mfuniko wa ukaguzi, toa chujio la kufyonzea, futa ndani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kotoni westi, zile nyuzi za pamba za kufutia, usiilete karibu. Hozi ya kufyonzea ivue na uichungulie: ikiwa utando wa ndani umeachana, itajifunga pampu ikivuta, na utaua pampu ya pili kwa sababu nyingine kabisa. Hozi ya presha kutoka pampu hadi valvu ioshwe na kupulizwa, au ibadilishwe. Rejeta isafishwe kinyume na mwelekeo wa oili. Ikiwa imejaa chuma, badilisha, kwa sababu mirija yake itaendelea kukutapikia miezi. Valvu kuu ikionyesha chembe, toa spuli moja moja, osha, rudisha kwenye tundu lake lile lile. Spuli mbili zinazofanana kwa macho hazibadilishani vyumba.

Silinda zikamuliwe moja moja zikiwa zimeegemezwa vizuri, baada ya tangi kuwa na oili mpya na filta mpya. Vua hozi ya upande wa rodi, izibe, elekeza tundu la silinda kwenye pipa la taka, nyoosha taratibu injini ikiwa mzunguko wa chini. Ua presha, geuza, fanya upande wa pili. Ni kazi chafu, ni ya siku nzima, na hakuna mtu atakayekushukuru.

Oili mpya pia usiiamini. Ikitoka kwenye pipa mara nyingi ni chafu kuliko mfumo unavyotaka. Ipitishe kwenye pampu ya kujazia yenye filta ya mikroni 10. Ukipewa majibu ya maabara ya usafi kwa kipimo cha ISO 4406, kumbuka kila namba ikipanda moja, kiwango cha chembe kinakuwa mara mbili. Kutoka 18 kwenda 21 ni mara nane, si "tatu tu".

Pampu mpya ijazwe oili kwa mkono kupitia tundu la kufyonzea kabla ya kuunga hozi. Zungusha injini kwa stata sekunde chache bila kuiruhusu kuwaka, kisha iwashe ikae mzunguko wa chini dakika tano hivi bila kugusa livya. Halafu peleka kila silinda taratibu bila kuigotesha mwisho mara kadhaa za kwanza. Hewa iliyochanganyika na oili ikibanwa ghafla inaweza kuwaka kama ndani ya dizeli na kuunguza sili mpya ulizofunga kwa jasho. Filta ya kurudi itolewe baada ya saa 10, ikatwe, isomwe. Tena kwenye saa 50. Ikitoka safi ndipo urudi kwenye ratiba ya kitabu, ambayo kwa mashine nyingi ni saa 500 au 1,000 kwa filta na hadi 2,000 kwa oili.

5. Hozi. Hozi ikipata presha hubadilika urefu, inaweza kufupika hadi asilimia 4 au kurefuka asilimia 2, kwa hiyo ukiikata sawasawa na umbali itajing'oa yenyewe kwenye fitingi. Mstari wa maandishi ubavuni si urembo: ukijizungusha kama kamba, umeifunga imejipinda, na nyaya za ndani hazitadumu. Shika kwa spana mbili, moja izuie na nyingine ikaze. Koni ya nyuzi 37 haipatani na ya nyuzi 45 hata kama uzi wake umekubali kuingia; kukaza zaidi hakutibu, kunapasua. Na ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji iacheni kwa mafundi bomba. Fitingi za haidroliki zinaziba kwa koni au oringi (pete ya mpira), na uzi wa tepu ukikatika unakwenda kukaa kwenye kiti cha rilifu.

Kila hozi inayofunguliwa izibwe pande zote mbili dakika hiyo hiyo kwa plagi. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba ni bora kuliko kuacha wazi. Tambara lililosokotwa ni baya kuliko kuacha wazi.

6. Usihukumu pampu kabla ya kesi. Kila kitu kikiwa kizito, anza na kiwango cha oili, chujio la kufyonzea na klipu za hozi ya kufyonzea, halafu rilifu kuu, na pampu iwe ya mwisho. Kikiwa kizito kimoja tu na vingine vizima, pampu haina hatia: tafuta spuli yake, valvu yake ya kinga au silinda yake. Mlio wa kufoka usiobadilika ni pampu inanyimwa oili. Mlio wa kokoto, pamoja na povu tangini na livya kutetemeka, ni hewa inaingia.

Mikono ya loda ikishuka yenyewe, kila mtu hukimbilia sili ya pistoni. Subiri. Pale mzigo unapoisukuma rodi iingie ndani, na spuli imefunga pande zote mbili, sili ya pistoni peke yake haiwezi kuushusha mzigo mbali: rodi inahitaji nafasi, na oili haibanwi. Utashuka kidogo, presha ya pande mbili ilingane, usimame. Ukiendelea kushuka, oili inatoroka mahali pengine, yaani kwenye spuli au valvu ya kinga. Bumu ya nyuma, ambayo kwa kawaida uzito wake unaivuta rodi itoke nje, ndiyo inayoweza kukudanganya. Pima hivi: nyoosha silinda hadi mwisho, egemeza bumu, ua presha, vua hozi ya upande wa rodi na uizibe, kisha ukiwa mzunguko wa chini bonyeza livya ya kunyoosha. Matone ni kawaida. Mkondo usiokatika ni sili. Kipimo hiki ni cha nusu saa. Kufungua silinda bure ni cha siku.

Rilifu irekebishwe kwa geji ya bar 400, oili ikiwa na joto la nyuzi 50 hivi, mzunguko wa injini kama kitabu kinavyosema, robo mzunguko kwa robo. Anayeweka washa chini ya springi ili mashine "ipate nguvu" anahamisha ugonjwa kutoka pampu kwenda hozi na silinda.

7. Sili. Mdomo wa sili huelekea kwenye presha. Bisibisi haiingizi sili, inaikata. Paka oili safi, tumia vidole na kifaa kisicho na kona. Sili ngumu ya pistoni ilainishe kwenye oili au maji ya moto, ivalishe, kisha ibane kwa mkanda wa kurudisha umbo kabla ya kuingiza pistoni. Kabla ya yote pitisha ukucha kwenye kromu ya rodi: ukinasa mahali, sili mpya itachanwa hapo hapo, na utakuwa umefanya kazi ya kudumu wiki mbili tu.

8. Grisi ya pini ni kila saa 8 hadi 10. Pini ikilegea, silinda inavutwa upande na kulala kwenye sili yake.

9. Kuegesha. Ukikunja kijiko cha nyuma, rodi za stiki (mkono wa pili, unaoshika baketi) na baketi hubaki nje. Ukikinyoosha chini, ya bumu ndiyo inabaki nje. Huwezi kuzificha zote. Mashine ikikaa wiki kadhaa, paka kromu iliyo wazi grisi nyembamba. Siku ya kuiwasha ifute kwanza hadi ing'ae, maana grisi hiyo imeshabeba vumbi lote la uwanja, na rodi ikirudi ndani sili ya kufutia haitaweza kuliacha lote nje.